Zilipendwa za Kesho

Hapo kale, kale ya kesho kutwa, palikuwa na nchi ambayo ilikuwa imeshafika. Ilikuwa imefika wapi, hilo halikuulizwa, maana anayeuliza njia wakati msafara umeshafika anajitangaza mwenyewe kwamba alilala. Neno TUMEFIKA liliandikwa juu ya mlango wa Bunge, kwenye mifuko ya saruji, na kwenye kibao cha hospitali ya rufaa ambayo ilikuwa haijajengwa. Salamu ya kiserikali ilikuwa mtu kusema "Tumefika," na mwenziwe kujibu "Tumekaa." Watu walisalimiana hivyo wakiwa wamesimama kwenye foleni ya maji.

Jina la nchi hiyo sitalitaja. Mimi nina watoto, na wasomaji wangu wana akili.

Basi Waziri wa Burudani na Nyakati wa nchi hiyo alisafiri ng'ambo kwenda kujifunza namna wenzetu wanavyopumzika. Huko alipelekwa kwenye ukumbi mmoja, akakuta wazee wamekaa vitini wanasikiliza santuri kuukuu, na machozi yanawatiririka. Mheshimiwa akauliza nani amefariki. Akajibiwa kuwa hakuna aliyefariki, hizo ni zilipendwa zao, nyimbo za ujana wao zilizokataa kuzeeka. Mheshimiwa akarudi nyumbani amekunja uso. Hata sanduku hajalifungua, akawaita wataalamu na kuwauliza kwa nini nchi iliyofika haina zilipendwa hata moja iliyotoka katika kipindi chake cha uongozi. Wataalamu wakamweleza kwa adabu zote kwamba albamu haiwi zilipendwa mpaka miaka ipite, watu waoane nayo, waachane nayo, wawazike wazazi wao nayo, ndipo siku moja wasikie gitaa lake kwa mbali na kukaa kitako.

"Sisi hatungojei," akasema Mheshimiwa. "Anayengoja ni yule ambaye hajafika."

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa Baraza la Zilipendwa za Kesho, lenye kazi moja tu: kuchagua, miongoni mwa albamu zinazotoka leo, zile ambazo wajukuu wetu watazililia. Wajukuu wenyewe hawakuwa na mwakilishi katika Baraza. Walikuwa hawajazaliwa, na serikali haikuona busara ya kuwasubiri.

Kazi ilifanywa kisayansi. Jengo la Wizara lilitengewa chumba kilichoitwa Chumba cha Uzee. Wajumbe wakiingia walivishwa nywele za bandia za mvi, wakapewa mikongojo na miwani yenye ukungu, wakaketishwa kwenye viti vya kulala, wakafundishwa kuguna. Kisha albamu ilipigwa. Mjumbe akitoa chozi, albamu imepita. Akisinzia, imepita kwa masharti. Akiuliza chakula cha mchana ni saa ngapi, albamu inarudishwa kwa mwenyewe na pole ya Taifa.

Katika awamu ya kwanza ilipita albamu ya mpwa wa Mheshimiwa iitwayo *Mimi na Gari Langu*, ambayo wajumbe waliililia tangu kabla haijawashwa. Ikapita albamu ya kwaya ya Idara ya Vibali. Ikapita pia, na kwa alama za juu kuliko zote, albamu ya kijana mmoja aliyekosea akapeleka sidii tupu isiyorekodiwa kitu. Wajumbe walisikiliza kimya kile mwanzo hadi mwisho, na taarifa yao ikasema ni kazi iliyokomaa, isiyomkera yeyote, na yenye ujumbe unaoendana na dira ya nchi.

Sasa tuje kwa Kidawa.

Kidawa Makame alikuwa mwimbaji wa Kokoto Jazz, bendi ya mtaa wa Machimboni, na duniani aliogopa jambo moja tu. Mama yake alikuwa manju wa ngoma za harusi. Alitunga nyimbo mtaa mzima ukaziimba, hakuna aliyezirekodi, akafa, na waliozijua wakamfuata mmoja mmoja. Kidawa akikaa kuzikumbuka alipata vipande tu, mstari huu, kiitikio kile, na katikati shimo. Mama yake Kidawa alimzika kwa siku moja. Nyimbo za mama alizizika kidogo kidogo maisha yake yote. Kwa hiyo alichokitaka Kidawa hakikuwa nyumba wala jina. Alitaka awepo mtu, siku yeye hayupo, atakayeanika nguo huku anaimba wimbo wake bila hata kujua ni wa nani.

Aliyeijua hofu hiyo kuliko watu wote ni Shomvi, mpiga gitaa la solo wa bendi hiyo hiyo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mumewe.

Siku Shomvi alipomwacha, Kidawa alikuwa jikoni anapepeta mchele. Shomvi alisimama mlangoni na mkoba wake, akasema kama mtu aliyekuja na maneno yake yameshapigwa pasi, "Kidawa, nilikupenda sana."

Kidawa hakulia wala hakushika mwiko. Alipepeta, akapuliza makapi, kisha akasema, "Hiyo 'li' ni ndogo kama punje ya mchele, Shomvi. Lakini mtu anaweza kuzikwa ndani yake."

Jikoni hapakuwa na mtu mwingine. Shomvi akajifanya hakusikia, akaenda zake kwa mwanamke mwingine, ambaye hatumhitaji katika hadithi hii.

Wiki iliyofuata walikutana mazoezini, maana ndoa huvunjika lakini bendi ina maonyesho. Kidawa alikuja na wimbo mpya, akauimba bila kumtazama mtu:

*Wewe umeshafika — mimi bado,*
*Ndara imekatika — mimi bado,*
*Mlango umefungwa — mimi bado,*
*Nami na vumbi langu — mimi bado.*

Shomvi alijua ni yeye anayeimbwa. Kila mtu chumbani alijua. Aliinamisha kichwa, akashika gitaa, akaupigia wimbo ule solo iliyomnyamazisha hata mpiga tumba, mtu asiyenyamaza hata akiwa na homa. Kidawa aliisikia solo ile akadhani ni mtu anayeomba radhi kwa vidole. Huenda siku hiyo ilikuwa hivyo kweli. Ndipo ikatoka albamu, wakaiita *Bado*.

Watu waliipenda, na waliipenda vibaya. Mama lishe aliimba *mimi bado* sufuria ikigoma kuchemka. Walimu waliiimba mwisho wa mwezi. Mtu akiulizwa kama kesi yake imeisha, hakuwa na haja ya kujibu, aliimba. Kidawa alifurahi na kushangaa, kwa sababu wimbo wake aliutunga kwa ajili ya mwanamume mmoja na ndara moja, na sasa ulikuwa umevaliwa na nchi nzima.

Ikaja Sikukuu ya Kufika. Mheshimiwa alipanda jukwaani uwanja ukiwa umejaa, akanyanyua mikono na kusema, "Ndugu wananchi, tumefika!" Kutoka nyuma kabisa, upande wa wauza karanga, sauti moja ikaitikia kwa mahadhi yale yale, "Mimi bado." Upande wa pili ukapokea. Kufumba na kufumbua uwanja mzima ulikuwa unaimba, askari wa bendi ya taifa wakijikuta wanapiga tarumbeta pale penye solo ya Shomvi.

Kidawa aliitwa kuhojiwa. Waliomhoji walikuwa wastaarabu, walimpa soda, wakamwuliza huyo anayeambiwa *wewe umeshafika* ni nani hasa. Akawaambia ni mume wake wa zamani. Wakatazamana, wakacheka, wakamwomba awe mkweli, maana serikali yoyote yenye hadhi haiwezi kuamini kwamba mwanamke mzima amelia kiasi hicho kwa ajili ya mpiga gitaa. Wakamwita Shomvi athibitishe. Alikaa humo tangu asubuhi hadi adhuhuri. Aliingia mpiga gitaa, akatoka mjumbe wa Baraza.

Yaliyosemwa humo ndani hatukuyasikia. Tunachojua ni kwamba Wizara ilikuwa na shida ya kweli. Kuipiga marufuku *Bado* isingefaa, kwa kuwa kila kilichopigwa marufuku katika nchi ile kilipanda utamu, na hata sukari ya magendo ilikolea kuliko ya dukani. Ilihitajika njia ya heshima. Na baada ya Shomvi kutoka mle ndani, njia ya heshima ikapatikana.

Shomvi alikuja Machimboni jioni na mfuko wa machungwa. Kidawa alimkaribisha kibarazani, akammenyea yale yale machungwa aliyoyaleta. Shomvi akamweleza kwamba Baraza limeitazama *Bado* kwa jicho la pekee, kwamba ikichaguliwa itahifadhiwa mahali ambapo moto haufiki wala mchwa, kwamba vizazi vitaikuta kama ilivyo, bila shimo katikati. Alilisema neno hilo, shimo, akijua analitoa wapi. Kilichobaki ni Kidawa kukubali kwa mdomo wake mbele ya Baraza, kwa kuwa nchi ile haikumheshimu mtu kwa nguvu.

"Zitadumu?" Kidawa akauliza.

"Kidawa, kuliko sisi wote," akasema Shomvi. "Nakuapia kwa mama yako."

Angeapa kwa mama yake mwenyewe huenda Kidawa angeshtuka. Lakini alikuwa ameshaonja chungwa, na lilikuwa tamu, na aliyesema ni mtu aliyewahi kumshika mkono siku ya msiba wa mama. Akakubali. Siku ya Baraza alisimama mbele ya wajumbe wenye mvi za bandia, akasema ndiyo, na mjumbe mmoja akatoa chozi halisi. Baadaye iligundulika ni gundi ya nywele iliyomwingia jichoni.

Sherehe ilifanyika kwenye ukumbi mpya wa Wizara. Kidawa alivaa gauni la kijani aliloliazima kwa jirani yake Mama Ziada, mwanamke aliyejisifu kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza kuiimba *Bado* nje ya bendi, akiwa anafua. Mama Ziada mwenyewe alikuwa safu ya nyuma na vigelegele vyake amevishika mdomoni tayari. Kwenye meza kuu, kando ya Mheshimiwa, alikaa Shomvi, amevaa suti.

Mheshimiwa alianza kwa kuwashukuru wote waliofika, na wasiofika pia, kwa kuwa kimsingi nao wamefika. Kisha akaja kwenye hoja.

"Ndugu wananchi," akasema, "neno lenyewe linajieleza. Hatusemi *zinapendwa*. Hatusemi *zitapendwa*. Tunasema *zi-li-pendwa*. Wataalamu wetu wa lugha wameliangalia neno hili kwa darubini. Kitu kinachopendwa leo hakiwezi kuwa zilipendwa, sarufi haikubali. Kwa hiyo albamu ikishapewa hadhi hii tukufu, ni lazima, kwa heshima yake yenyewe, iachwe kupendwa mara moja."

Makofi yakapigwa. Watu walipiga kwa mazoea, mikono ikiwa mbele ya masikio.

"Hiyo 'li,'" Mheshimiwa akaendelea, akitoa tabasamu la mtu mwenye kitu kizuri mfukoni, "hiyo 'li' ni ndogo kama punje ya mchele. Lakini ndani yake Taifa linaweza kuzika mambo makubwa."

Kidawa hakusikia makofi ya mara ya pili. Alikuwa amerudi jikoni kwake, ungo mikononi, na mtu amesimama mlangoni na mkoba. Maneno yale yalisemwa mara moja tu katika maisha yake, na yalisikiwa na mtu mmoja. Akamtazama mtu huyo pale meza kuu. Shomvi alikuwa anaikagua chupa ya maji kama anayesoma maelezo ya dawa.

Aliumia Kidawa. Aliumia kuliko siku ya talaka, na nalisema hili wazi kwa sababu wapo watakaodhani ni suala la muziki tu. Talaka ilimchukua mume, na mume ni mtu, ana miguu, anaweza kwenda. Hii ilikwenda jikoni kwake ikalichukua neno alilolisema akiwa amevunjika, ikalipeleka kwa wakubwa, nao wakaligeuza sheria.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Albamu *Bado* iliwekwa kwenye sanduku la kioo, likafungwa, likaingizwa ndani ya Kabati la Taifa, ambalo lingefunguliwa wajukuu watakapokuwa tayari kulia. Shomvi akatangazwa Mkurugenzi wa Kumbukumbu Tamu. Kisha likaja jambo la Kidawa. Mheshimiwa alieleza kwamba zilipendwa zote za maana duniani zina marehemu ndani yake, na kwamba Baraza, likiongozwa na huruma, halikutaka kumharakisha mtu. Hivyo, kama vyuo vikuu vinavyotoa udaktari wa heshima kwa mtu asiyejua kuchoma sindano, ndivyo Serikali ilivyomtunuku Kidawa Makame hadhi ya Marehemu wa Heshima. Akavishwa shada la maua. Mama Ziada, ambaye vigelegele vilikuwa vimemfika kooni, hakujua avitoe au alie, akatoa kitu cha katikati.

Mtu mmoja kutoka safu ya waandishi aliuliza mbona mpiga gitaa yuko kwenye albamu hiyo hiyo na bado, samahani, na hadi sasa anaendelea kuishi. Akajibiwa kwamba vidole havina matatizo, kilichohitaji kupumzishwa ni sauti.

Kidawa alimvizia Shomvi kwenye ngazi watu walipokuwa wanatoka. Hakumpandishia sauti.

"Ulijua," akamwambia.

"Ulitaka zidumu," akasema Shomvi. "Kitu kisichoguswa hakichakai."

"Za mama hazikufa kwa kuguswa. Zilikufa kwa kukosa wa kuziimba."

Shomvi akarekebisha tai. "Hilo sasa ni suala la kisera, Kidawa," akasema, na gari likaja.

Maisha mapya yakaanza. Redio ziliifuta *Bado* siku ile ile. Vijana wa Idara ya Masikio walipita nyumba kwa nyumba wakizisafisha simu, na kosa jipya likaingizwa katika sheria, kosa la kupenda nje ya wakati. Muuza samaki wa sokoni alikamatwa akipiga mluzi. Alijitetea kwamba ni wimbo mwingine unaofanana nao, akaachiwa kwa sharti asichongoe midomo yake hadharani. Neno *bado* lenyewe halikukatazwa. Serikali ilifafanua kwamba mtu yuko huru kulisema, ilimradi lisiwe na mahadhi. Lakini nani anayeiamini sauti yake kiasi hicho? Watu wakaliacha. Ukimwuliza mtu kama chakula kimeiva, anakwambia mchakato unaendelea. Ukimwuliza mjamzito kama amejifungua, anakwambia yuko katika hatua za mwisho za utekelezaji. Kijana akiulizwa kama ameoa, anasema upembuzi yakinifu umekamilika.

Na Kidawa akajifunza kufa. Zahanati walimweleza kwa upole kwamba hawana dawa za kikohozi cha marehemu. Fundi bomba alikataa kuingia nyumbani kwake bila mtu mzima aliye hai. Kura tu ndiyo aliyoendelea kuipiga bila shida, maana katika nchi ile marehemu walikuwa wapiga kura waaminifu kuliko wote.

Jioni alikaa uani akasikiliza. Mama Ziada alikuwa anafua ng'ambo ya ukuta, na zamani mkono wake ulikwenda na wimbo, *ndara imekatika*, kamua, *mimi bado*, anika. Sasa alifua kimya. Kidawa aliyasikia maji tu. Hapo ndipo alipoelewa kwamba hatangoja hadi afe ili lile analoliogopa litokee. Lilikuwa limeshatokea, na yeye yupo, anaangalia.

Kisha Wizara ikakumbuka kwamba marehemu yule hajawekewa matanga.

Amri ilikuja kwa mjumbe wa mtaa kwamba wananchi wajitokeze kwa wingi na kwa huzuni ya wastani. Mchele ulitolewa na Wizara, nyama pia. Tatizo lilikuwa mpishi. Kidawa hakuwa na mtoto wala ndugu wa karibu, na kina mama wa mtaa walisema kwa haya kwamba jiko la marehemu ni lake, hawajui anapoweka chumvi. Basi akapika mwenyewe. Alipika pilau ya matanga yake, na mkono wake haukukosea, maana hakujua kupika vibaya hata akiwa na hasira. Wageni wakaja wakavua viatu mlangoni, wakamwambia "Pole sana," akawajibu "Nimeshapoa," akawatandikia mikeka.

Mama Ziada alikula huku akimsimulia mwenziwe jinsi marehemu alivyokuwa mtu wa watu. Kidawa alipita na sinia, akamwongezea nyama.

Pembeni, karibu na mlango, alikaa Afisa Msikilizaji wa Idara ya Masikio, kijana mnene mwenye pingu kiunoni, ambaye kila mkusanyiko ulilazimika kuwa naye. Alikuwa ameshika mfupa na kuushughulikia kwa dhati.

Mkurugenzi wa Kumbukumbu Tamu alifika watu wakiwa katikati ya kula. Walisogea, wakampisha mahali pazuri. Aliombwa aseme neno, akasema kwamba marehemu alikuwa msanii wa kweli, mcheshi, mwenye mkono mzuri wa jikoni, na kwamba yeye binafsi alimpenda sana. Watu wakaitikia kwa kuguna. Kidawa alikuwa amesimama nyuma yake ameshika birika na beseni.

Akapiga magoti kumnawisha, kama anavyonawishwa mgeni yeyote. Maji yakamwagika juu ya vidole vile alivyovijua kimoja kimoja. Shomvi aliinama karibu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkoba, sauti yake haikuwa imepigwa pasi.

"Kidawa," akanong'ona, "umeshanisamehe?"

Swali la namna hiyo, kama jibu si ndiyo, Kiswahili kimeliwekea neno moja. Kidawa alitafuta jingine. Aliupitia mchakato, akaupitia utekelezaji, akaona hayo yote ni ya watu walio hai.

"Bado," akasema.

Mikono ikasimama juu ya masinia. Afisa Msikilizaji akaweka mfupa chini, akajifuta, akainuka nusu. Alikuwa mtu wa sheria, hakutaka kumwonea mtu. Akamgeukia Mkurugenzi na kumwuliza kwa heshima kama marehemu amesema au ameimba.

Katika nchi nzima hapakuwa na sikio kama la Shomvi. Alikuwa na uwezo wa kusikia waya mmoja uliolegea kwenye gitaa lililo chumba cha pili. Alijua kwamba Kidawa amesema, amesema tu, kavu, kama mtu anavyosema. Watu wote wakamtazama. Kidawa naye alimtazama, na niseme ukweli, hata wakati ule, birika mkononi, kulikuwa na kipande cha moyo wake kilichomngoja.

Shomvi alikausha vidole vyake kwenye taulo.

"Ameimba," akasema.

Afisa akafungua pingu. Alipiga hatua mbili juu ya mkeka, akasita, akakuna kisogo. Akatoa simu akampigia mkubwa wake, akazungumza kwa muda akiwa amefunika mdomo, na alipomaliza alionekana kama mtu aliyepewa chumba bila ufunguo. Akatangaza kwamba sheria imepekuliwa kurasa zote na haina mahali inaporuhusu kumkamata marehemu. Marehemu hashitakiwi, hafungwi, wala hatozwi faini. Wahusika ni walio hai tu. Akakaa, akautafuta mfupa wake.

Ilimchukua Kidawa muda kidogo kuelewa. Kisha aliweka birika chini, polepole, lisije likamwagika kwenye mkeka wa watu. Akasimama wima katikati ya matanga yake, akaimba.

*Wewe umeshafika.*

Sauti ilikuwa ile ile, labda na kutu kidogo. Akanyamaza mahali pake, pale ambapo uwanja mzima uliwahi kuitikia hadi tarumbeta za taifa zikafuata. Akamtazama Mama Ziada. Mama Ziada akaona kuna punje imeanguka kwenye khanga yake, akaanza kuiokota. Akawatazama walimu, akamtazama muuza samaki, aliyekuwa ameibana midomo hadi imepauka. Mkono wa kushoto wa Shomvi ulikuwa juu ya goti, na vidole vyake vilikuwa vimekwenda vyenyewe kwenye nafasi zao za gitaa. Akavifunika kwa mkono wa kulia.

"Mimi bado," Kidawa akajiitikia mwenyewe, akaingia mstari wa pili. Na wote waliokuwa hai mle ndani wakaendelea kula.